Mbio za Kinyozi

Binti wa kinyozi alikuja jioni, wakati Mwalimu anafunga turubai juu ya gari la kufundishia. Alisimama langoni, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni udereva, leo tumefunga. Njoo kesho."

"Leseni ninayo. Nimekuja kwa ajili ya baba."

Mwalimu aliachia kamba ya turubai. Hakuhitaji kuuliza ni baba yupi. Msichana alikuwa na nyusi zilezile nene, na namna ileile ya kutazama viatu vya mtu kwanza, kisha ndipo uso.

"Nimekuja kwa heshima," binti alisema. "Sikuja kugombana."

"Hata wanaokuja kugombana huanza hivyohivyo. Kaa."

Alikaa kwenye benchi ambalo wanafunzi huketi wakingoja zamu ya kushika usukani. Hakuegemea.

"Baba ana sukari. Daktari alimwambia apunguze mwili, na mimi ndiye niliyemwandikisha kwenye yale mazoezi yenu. Kwa hiyo lawama naanza nazo mwenyewe. Lakini, mama, nilimpeleka akapunguze tumbo. Sikumpeleka akaongeze mke."

Kicheko kilimtoka Mwalimu kabla hajakizuia. Kisha akaona macho ya msichana yamejaa maji, akanyamaza.

"Mwanangu, mimi na baba yako hatujawahi kunywa hata chai pamoja."

"Sasa huko mnafanya nini?"

"Tunahema."

"Basi?"

"Tunahema, tunajifuta jasho, kila mtu anashika njia yake."

Binti alitikisa kichwa. "Anajinyoa," alisema.

"Nani?"

"Baba! Kila asubuhi. Si mnajua kinyozi hajinyoi? Nadhani waliosema hivyo walimtazama baba yangu. Tangu mama afariki ndevu zilimmeza uso mzima. Wateja wakimtania, 'Mzee, tukupeleke kwa kinyozi gani?' anacheka tu. Leo anaamka kabla ya jua, ananyoa, anajipaka mafuta, anapiga mluzi bafuni. Nani ananyoa ndevu kwa ajili ya kuruka-ruka?"

Mwalimu alishika tena kamba ya turubai ili mikono yake iwe na kazi. Mashavu ya kinyozi alikwisha kuyaona. Alidhani ni usafi wa kazi.

"Amekwambia nini juu yangu?" aliuliza, na moyo wake ukamsuta kwa kuuliza.

"Yeye aseme? Mweke baba nyuma ya kichwa cha mtu, na mkasi mkononi, hamalizi maneno. Mgeuze uso kwa uso, ulimi unakwama. Hajasema kitu. Mimi naona tu." Binti aliinua uso. "Na naona anavyorudi. Amekwisha kabisa. Ngazi za kwake anapanda ameshika ukuta. Kocha aliniambia hakuna anayekimbia kama yeye, hata vijana. Mtu wa umri ule anashindana na nani? Mama, mzazi mmoja nimeshamzika. Mama yangu naye alianza hivyohivyo, kwa kushika ubavu na kusema si kitu."

Mwalimu alizungusha kamba kiganjani.

"Mwachie baba yangu, mama. Nakuomba."

"Binti yangu, nitamwachiaje mtu ambaye sijamshika? Hajawahi kuniambia hata neno moja la namna hiyo."

"Basi itakuwa rahisi," binti alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana lilichoma. Aliinuka, akapangusa sketi, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mwalimu alimaliza kufunga turubai, akaifungua, akaifunga upya, maana fundo la kwanza lilikuwa limekaa upande.

*

Mtu anayefundisha udereva huongea mchana kutwa. Kushoto. Kioo. Punguza. Tazama huyo mama anavuka. Jioni anafika nyumbani na sauti imekauka, lakini mazoea hayakauki. Mara nyingi Mwalimu alijikuta anaiambia birika, "Taratibu, taratibu, hapohapo," kisha anatazama huku na huku, akisahau kwamba hakuna wa kumcheka. Alinunua mkate mdogo kuliko yote dukani, na bado uliota ukungu kabla hajaumaliza. Aliachana na mume wake zamani, bila kelele. Mwanawe wa pekee alikua, akasoma, akaenda kuishi mji wa mbali.

Yale mazoezi aliyafuata kwa sababu ya mgongo. Kukaa garini siku nzima kulikuwa kumemkunja, na goti la mguu wa kulia lilikuwa limeanza kulia kila aliposhuka. Aliona tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa: mazoezi makali ya vipindi, kila asubuhi kabla ya kazi. Watu waliyaita Kaza-Pumzika. Unajituma kwa nguvu zako zote kwa muda mfupi, unapumzika muda mfupi, unajituma tena. Siku ya kwanza Mwalimu aliamini kwamba anakufa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba atafia mbele za watu akiwa amevaa suruali ya kubana.

Kocha alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kengele, naye aliwaita wote wazazi wake.

"Wazazi wangu, humu hamna saa ya ukutani," aliwaambia siku ile. "Tutafanya wawili wawili. Mmoja anakimbia mpaka ule ukuta wa mwisho na kurudi. Mwenzake anabaki hapa anaruka papo hapo, magoti juu, haachi mpaka mkimbiaji afike. Mkimbiaji akichelewa, anayeumia ni anayeruka. Mwenzako ndiye saa yako. Haya, kila mtu amshike mwenzake mkono! Asiye na mwenzake ainue juu."

Ukumbi mzima ulikuwa umekuja na wenza wao, marafiki, majirani, watu wa ofisi moja. Mikono miwili tu iliinuka: wa Mwalimu upande huu, na upande wa wanaume, wa mtu mnene mwenye ndevu zilizomfika kifuani. Walitazamana kutoka mbali kama watu wawili waliosahauliwa kituoni.

Ndivyo walivyopatana yeye na kinyozi.

Na tangu asubuhi ile kinyozi alikimbia. Si mbio za mazoezi, mbio za mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Tumbo lilimtangulia, ndevu zikapepea, viatu vikapiga sakafu pa pa pa mpaka wengine wakageuka kutazama. Mwalimu alikuwa hajachoka kuruka, mara kinyozi amefika, ameinama, mikono magotini, anavuta pumzi kama mvukuto. Hakumtazama. Alionyesha tu kwa kidole: zamu yako. Mwalimu akakimbia kwa mwendo wa goti lake, akachelewa, akarudi kumkuta kinyozi bado anaruka, jasho linamchuruzika, bila lalamiko. Kisha filimbi, mapumziko mafupi, na mara tena.

Katika mapumziko yale ndimo walimozungumza, kama neno moja moja linaweza kuitwa mazungumzo. Siku moja kinyozi alimwuliza, "Goti?" Mwalimu akajibu, "Lipo." Siku nyingine Mwalimu alimwuliza, "Wateja wengi?" Akajibu, "Vichwa havikosekani." Kinyozi alimpa taulo siku Mwalimu aliposahau lake, akalipokea tena bila kudai lifuliwe. Siku ndevu zilipotoweka, Mwalimu aliona kwa mara ya kwanza kwamba chini yake kulikuwa na mdomo mpole wenye haya, akakosea hesabu ya kuruka.

Lakini zile mbio zilimuuma. Mume wake wa zamani alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, alijibu kabla hujamaliza kuuliza, alivaa viatu huku anafungua mlango. Alipoondoka moja kwa moja hata hakubamiza mlango, maana hakuwa na muda. Mwalimu alikwisha kujifunza maana ya mwanamume anayefanya haraka akiwa karibu na wewe. Anataka kumaliza.

Asubuhi baada ya binti kuja, simu ililia Mwalimu akifunga kamba za viatu.

"Mama, umefikiria?" Alikuwa mwanawe. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia kwa hasira ya watoto wachanga, isiyo na mzaha.

"Nafikiria."

"Chumba kiko tayari. Mke wangu anarudi kazini, na sisi hatutaki mtu baki amlee mtoto. Nipe jibu leo, mama, nikate tiketi. Au kuna kitu kinakushika huko?"

Mwalimu alitazama meza, kiti, na mkate mdogo ndani ya mfuko wake.

"Nitakujibu baada ya mazoezi," alisema.

*

"Mmekosana?" Kocha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hatujakosana. Nataka kubadilisha tu. Nipe mtu mwingine."

"Mwenyewe anajua?"

"Mwambie wewe."

Kinyozi alikuwa amesimama mahali pao, chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka. Asubuhi hii alikuwa amejikata. Kipande cha karatasi, kidogo kama ukucha, kilikuwa kimegandishwa kidevuni. Kocha alimwendea, akamsemesha kidogo. Kinyozi alitazama viatu vya Mwalimu kutoka mbali, akaitikia kwa kichwa, akaokota taulo lake, akahamia kwa mwokaji mikate, mama mmoja mkubwa wa mwili na wa kicheko. Aliyekuwa mwenzake mwokaji, fundi seremala, alikuja kwa Mwalimu akipiga makofi.

"Mwalimu! Leo umepata kijana. Mimi ni dereva mzuri, sijawahi kuvuka mwendo uliopangwa."

"Kimbia tu, fundi."

"Nitakimbia. Ila nakwambia mapema, maisha sina nayo haraka."

Filimbi ikalia. Seremala akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchungulia mvua. Mwalimu akaanza kuruka, magoti juu, mikono ikipiga hewa. Aliruka, akaruka. Pumzi ikaanza kukatika. Goti likaanza kulia, kwanza kidogo, halafu kwa ukali, kana kwamba mtu anapitisha uzi wa moto ndani yake. Alitazama mbele. Seremala alikuwa ndiyo kwanza anafika ukutani, akasimama kupandisha soksi.

"Fundi!" mtu alipiga kelele. "Mwenzako anakufa!"

"Nakuja! Nakuja! Soksi!"

Kumbe ule ukuta ulikuwa mbali hivi, Mwalimu alifikiri. Asubuhi zote hizo hakuwa amejua. Asubuhi zote hizo hakuwahi kuruka mpaka goti likafika hapa, maana kabla halijafika, kinyozi alikuwa amesharudi.

Wazo hilo lilimpita, akaliacha lipite. Kisha akageuza macho kumtafuta kinyozi, akadhani atamkuta ameshamaliza, ameinama, anahema.

Kinyozi alikuwa bado njiani kuelekea ukutani. Alikuwa anakimbia polepole, tumbo likicheza kushoto na kulia, mikono imelegea, kama mtu aliyetumwa chumvi na anajua chungu bado hakijachemka.

"Baba!" mwokaji alilia, mikate yote ya mwili wake ikiruka. "Kimbia, baba! Nimekosa nini mimi?"

"Nakuja, dada, nakuja," kinyozi alijibu kwa sauti tulivu, wala hakuongeza mwendo.

Anaumwa, Mwalimu aliwaza. Binti alisema anashika ubavu. Seremala alipofika, akimtaka radhi na kucheka, Mwalimu alitoka mbio bila kumsikiliza, goti na liseme linavyotaka. Alifika ukutani. Kinyozi, kwa ule mwendo wake wa chumvi, na yeye ndiyo kwanza alikuwa anafika. Wakaugusa ukuta pamoja, viganja vikiwa karibu kufikiana.

"Unaumwa?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana."

"Basi mbona polepole?"

Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Huu ndio mwendo wangu," alisema, akageuka, akarudi kwa mwokaji.

Mwalimu alibaki amegusa ukuta. Nyuma yake kulikuwa na ukumbi mzima wa watu wanaoruka na kulalamika, na sauti ya seremala iliyopaa kuliko zote: "Mwalimu! Jamani, Mwalimu! Nitubu kwa nani? Rudi, nakufa!" Alisikia na hakuondoka. Huu ndio mwendo wangu. Basi ule mwingine ulikuwa wa nani? Ule wa kila asubuhi, wa nyumba inayoungua, wa kurudi nyumbani na kushika ukuta wa ngazi?

Alirudi akitembea. Seremala alikuwa amelala chali sakafuni, mikono imetanda, akiomba azikwe na randa yake.

*

Kinyozi alikuwa ametoka kabla ya wengine. Mwalimu alimkuta nje, kwenye ngazi za ukumbi, anavua viatu. Ng'ambo ya barabara gari dogo lilikuwa limesimama, na ndani yake binti alikuwa anatazama mbele kwa nguvu, kama mtu anayejizuia kutazama kando.

"Ulikuwa unanikimbilia mimi," Mwalimu alisema.

Kinyozi aliendelea na kamba ya kiatu.

"Nijibu, mzee. Leo una pumzi."

"Ni goti lako." Aliongea na kiatu. "Siku ile ya kwanza ulipoanza kuruka nililisikia. Linalia kama mkasi uliokosa mafuta. Nikasema, huyu mama nikichelewa ataumia. Basi sikuchelewa."

"Ungeniambia!"

"Saa ngapi? Nikifika, pumzi sina. Nikipata pumzi, wewe umeshatoka kukimbia. Ukirudi, filimbi. Filimbi ikiisha, watu makazini." Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Nimetafuta nafasi, Mwalimu. Haimo kwenye ratiba ya kocha wetu."

Angecheka, siku nyingine. "Mimi nilidhani unataka kumaliza," alisema. "Nilidhani unaona kero kufungwa na mimi. Ndiyo maana leo nikaomba nibadilishwe."

Hapo kinyozi aliinua uso, na Mwalimu akaona jambo lililomfanya aketi ngazini bila kualikwa: mtu mzima aliyeumizwa, na ambaye ameamua kwamba ni haki yake kuumizwa.

"Mimi?" alisema. "Mimi nione kero?"

Walikaa. Watu walikuwa wanatoka ukumbini, wanawapita, wanaaga. Mwokaji alimgonga kinyozi begani, akamwambia kesho aje na baiskeli.

"Mwanangu ananiita nikaishi kwake," Mwalimu alisema walipobaki wawili. "Amepata mtoto. Anataka jibu leo."

Kinyozi hakutikisika. Macho yake yalikwenda kwenye gari la ng'ambo, yakakaa huko.

"Mjukuu ni baraka," alisema mwishowe.

"Najua."

"Utakuwa na sauti ndani ya nyumba. Utapika chakula kikaliwa kikaisha. Si jambo dogo. Nenda, Mwalimu."

"Hilo ndilo unalotaka?"

"Ndilo jema kwako."

"Sikukuuliza lililo jema kwangu!" Sauti yake ilikuwa ile ya garini, ile inayosimamisha wanafunzi katikati ya makutano. "Umeanza tena. Umeona nitaumia, umeamua peke yako, umekimbia. Nani alikutuma unipunguzie? Uliniuliza kama sitaki kuruka? Mimi nilikuwa nasimama pale nakuona unageuka ukutani, unakuja. Unakuja upande wangu. Unajua ni lini mara ya mwisho mtu kuja upande wangu mbio? Nyumbani kwangu hata mlango hausogei mpaka niusukume mwenyewe. Ile ilikuwa ndiyo sehemu nzuri ya siku yangu yote, na wewe kila siku ukaifanya fupi."

Ng'ambo ya barabara honi ikalia, mara moja, kwa upole.

"Binti yangu anaogopa," alisema.

"Alikuja kwangu jana."

"Alikuja kwako?"

"Kwa adabu zote. Hakukosea kitu. Ole wako umfokee."

"Amebaki na mimi tu, Mwalimu. Tangu mama yake. Akiniona nakohoa, anahesabu."

"Najua."

Kinyozi alishika kiatu kimoja mkononi, akakigeuza, akakiweka chini. Kisha akafanya jambo ambalo katika asubuhi zote zile hakuwahi kulifanya. Alimtazama Mwalimu usoni, wala hakupitia kwenye viatu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa jasho, au kwa kitu kingine.

"Leo sina cha kukuahidi," alisema. "Nataka, lakini kutaka si ahadi. Lazima kwanza niongee na yule mtoto, na sitamlazimisha. Nitakwenda naye kwa mwendo wangu wa kweli, ule uliouona. Huenda likawa jambo refu."

"Refu namna gani?"

"Sijui. Pengine atakataa."

"Halafu?"

"Halafu nitaongea naye tena." Aliokota viatu. "Ningoje."

Hakusubiri jibu. Alivuka barabara na soksi zake, viatu mkononi, akafungua mlango wa gari. Kutoka ngazini Mwalimu alimwona akiongea. Hakusikia kitu. Aliona binti akitikisa kichwa, akitikisa tena, kisha akilaza paji la uso juu ya usukani. Mkono wa kinyozi ulinyanyuka juu ya nywele za mwanawe, ukasita hewani, ukatua. Kisha binti akajipangusa macho, akawasha gari, wakaondoka. Kinyozi hakugeuka nyuma. Mwalimu hakutaka ageuke, mtoto akiwa katika hali ile.

Alitoa simu. Ilipokelewa kabla haijalia vizuri.

"Mama! Nikate tiketi?"

"Usikate, mwanangu. Nitakuja kumwona mtoto. Nitakaa kidogo, nimbebe, nimwimbie, kisha nitarudi."

Mtoto mchanga alikuwa amelala, pengine, maana Mwalimu alisikia hata saa ya ukutani kwa mwanawe.

"Mama, kuna mtu hapo?"

"Hapana. Niko peke yangu nje ya ukumbi. Nguo zimeloa, baridi imeanza kuniingia."

"Sasa unabaki kwa ajili gani?"

"Namngoja mtu."

"Anakuja lini?"

"Mwenyewe hajui."

"Mama." Sauti ya mwanawe ilikuwa ya upole, ile ambayo watu hutumia kwa wazee na wagonjwa. "Na asipokuja?"

Mwalimu alitazama barabara. Ilikuwa tupu hadi pale inapokunja.

"Asipokuja, nitakuwa nimemngoja," alisema. "Wewe hujui, baba, nimekaa muda gani bila hata huyo wa kumngoja."

Alikata simu. Huenda mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa ameshafika langoni, anazunguka gari lililofunikwa. Mwalimu hakuinuka. Alikaa palepale ngazini mpaka kundi la pili la mazoezi likaanza kuwasili, wawili wawili, wakimpita kulia na kushoto, wakimwambia habari za asubuhi, na yeye akimjibu kila mmoja, nzuri, nzuri.